Mluzi wa Mvuke

Nilipewa cheo siku ya Jumanne
kwa sababu Jumatatu sikuwepo kikaoni.
Mkuu wa Uendelevu: kadi ya plastiki, kamba ya kijani,
dawati lilelile, ankara zilezile,
katika kiwanda cha kutia nguo rangi, mjini Łódź,
ambako theluji jirani na bomba la moshi
huanguka nyeupe, huamka kijivu.

Nikaanza kama aanzavyo asiyejua:
nikachapisha mabango.
ZIMA TAA. OKOA DUNIA.
Wiki ya pili nilimkuta Grażyna wa vipimo
amefungia samaki wake bango langu,
dunia imelowa mafuta kutoka ncha hadi ncha.
Hakuona haya. Alinikaribisha.
Nikala.

Nikaandika ripoti, kurasa arobaini na moja.
Mkurugenzi Wieczorek alisifu jalada.

Basi nikashuka.
Ngazi ishirini na tatu za chuma hadi kwenye boila,
mahali nilipopajua miaka tisa kwa karatasi tu:
makaa ya mawe, tani kadhaa; ukarabati, zloti kadhaa.
Zenobiusz alikuwa anachochea moto. Hakugeuka.
"Wewe ndiye uliyetumwa kunifuta kazi?"
Nilikuwa na jibu mdomoni, refu, limenyooka,
la kozi ya siku mbili.
Nikalimeza.
Nikasema: sijui.

Akapindua ndoo. "Kaa. Sikiliza."
Nilisikia kelele.
"Chini ya kelele."
Nilisikia kelele.

Usiku wa tatu ndipo uliponijia:
mluzi, mwembamba,
kama wa mtu anayemwita mbwa wake
na hataki jirani ajue.
"Huyo ni Halina," akasema, na uso ukamlegea.
"Valvu ya kona, anavuja tangu mwaka ule wa mafuriko.
Mwenye kikohozi ni Shangazi.
Yule wa juu, anayenyamaza ukimtazama, ni Padri."
Alikuwa nao kumi na saba.
Kila mwaka aliwaandika kwa chaki nyuma ya mlango,
kila mwaka kabla ya ukaguzi
mtu aliagizwa kuufuta mlango.

Kumi na saba, usiku na mchana,
na kila mmoja ana lori lake la makaa angani.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu;
na sisi kazi yetu ni nguo.
Ripoti yangu haikuwa na jina la hata mmoja.

Nilimwomba Wieczorek aje Jumapili.
Alikuja na viatu vya kanisani.
Sikuleta chati. Mashine zimelala,
Zenobiusz akazima feni,
na kiwanda kizima, ghorofa kwa ghorofa,
kikaanza kupiga mluzi gizani.
Mkurugenzi akavua kofia
kama mtu aliyeingia msibani kwa makosa.
"Tangu lini?" akaniuliza mimi.
Jibu nilikuwa nalo. Lilinichoma ulimi.
Nikamtazama Zenobiusz,
nikanyamaza mpaka mkurugenzi naye akamtazama.

Sasa ni Machi. Tumeziba kumi na mmoja.
Sitadanganya: boila bado inakula makaa,
theluji ya mwisho imeyeyuka ikiwa kijivu,
na ombi langu la pampu ya joto limerudi mara mbili
na alama ya kuuliza, kwa wino mwekundu, bila swali.
Zenobiusz ana miaka hamsini na minane,
anajifunza kusoma mita mpya
na kuitukana kwa ufasaha.
Siku nyingine hunisalimu. Siku nyingine
huuliza tena nani atafutwa,
nami husema tena sijui, ingawa sasa
huwa nimeshauliza, na nitauliza kesho.

Wiki hii ni zamu ya Halina.
Fundi amefika, gasketi iko mezani.
Zenobiusz ameomba tumwache hadi Ijumaa.
Hakusema kwa nini.
Nimepiga hesabu ya siku tatu za mvuke,
nimeiandika kwenye daftari kama ilivyo, bila kupunguza,
kisha nikatia sahihi: hadi Ijumaa.